Bethwel Kipyegon na Karai la Mkewe

Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, Bwana Bethwel Kipyegon anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara ya fizikia ya chuo chetu hapa Kericho. Aliingia akiwa mfagiaji, anatoka akiwa fundi mkuu, na muda huo wote amevunja bika mbili tu za kioo. Mimi nimevunja saba, na kila moja anaikumbuka!

Wageni wakiuliza tunafanya nini huku kwenye majani chai, Bethwel ndiye huwajibu. Tunaoka kauri nyeusi, huwaambia, ambayo ikipozwa sana hupitisha umeme bila kupoteza chochote, na sumaku huelea juu yake. Halafu tunatoa chembe za kitu kimoja ndani yake, tunaweka za kingine, tuone kauri itakubali au itagoma. Naitrojeni ya majimaji ya kupozea alikuwa akiifuata Litein, kwa daktari wa mifugo anayepandisha ng'ombe kwa mirija, ambaye huhifadhi mbegu katika naitrojeni hiyo hiyo. Siku moja alirudi na mtungi usio wetu, umejaa mbegu za fahali, na kule Litein mkulima na ng'ombe wake wanangoja. Lo! Aligeuza mbio bila kunywa chai, jambo ambalo halijaonekana tena.

Mwaka wa 2012 mwanafunzi wa uzamili, Janeffer Chepkemboi, binti wa mkulima wa mahindi wa Sigor, alibakiwa na wiki tatu atetee tasnifu yake, na sumaku ikakataa kuelea. Alioka mara nne, ikalala tu pale. Profesa wake akaamua kwamba msichana hajui kupima, akamshauri aachane na masomo. Chepkemboi alilia, akaanza kufunga sanduku.

Bethwel akakumbuka. Bakuli la kukaushia mchanganyiko wa kuoka kauri lilikuwa limepasuka, na ni yeye aliyeleta karai la bati kutoka nyumbani, lile la mkewe Joan la kuoshea mikebe ya maziwa. Mchanganyiko una asidi. Ulikula zinki iliyopakwa kwenye karai, zinki ikaingia kwenye kauri na kukaa mahali pa shaba iliyo sehemu ya kauri hiyo, na hata kidogo tu huharibu kila kitu. Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza; akisema, kibarua chake kingeweza kuota nyasi, naye ana watoto wanne shuleni. Alilibeba karai hadi kwenye mkutano wa idara, akalitua mezani mbele ya maprofesa, akasema kosa ni lake, wamwache mtoto wa watu.

Alipewa barua ya onyo. Chepkemboi alipewa miezi mitatu zaidi. Wakaoka upya pamoja, safari hii zinki ikitiwa kwa makusudi, kidogo kidogo kwa vipimo, na hiyo ndiyo ikawa tasnifu. Kauri ya kwanza, isiyo na zinki kabisa, iliinua sumaku. Bethwel alipiga kelele hadi wachuma chai ng'ambo ya barabara wakasimama kututazama.

Msichana huyo ndiye mimi ninayeandika haya, na siku hizi ndiye mkuu wa maabara hii. Barua ile ya onyo nimeitoa kwenye faili kwa mkono wangu mwenyewe.

Karai limetundikwa ukutani miaka kumi na minne, na kila Krismasi Mama Joan hulidai. Leo tunamrudishia, na ndani yake tumeweka ile kauri iliyoinua sumaku. Kongoi mising, asante sana, baba. Ng'ombe wako wazae mitamba, chai yako isipigwe na baridi, na uzee wako uwe mtamu.

Dkt. Janeffer Chepkemboi