Neno la Mama Miran

Nje ya duka la kamba huko Yeongdo, mtaa wa bandari ya Busan nchini Korea ambao meli mbovu huletwa kutengenezwa, kuna benchi la mbao na mashine ya kahawa. Ukitumbukiza sarafu, mashine inaguna, inatikisika, inaangusha kikombe cha karatasi na kukimiminia kahawa yenye maziwa na sukari, utake usitake. Nyuma ya ukuta nyundo zinabandua kutu kwenye matumbo ya meli tangu asubuhi, kwa hiyo wazee wa benchi lile hupiga kelele hata wakiambiana siri. Wako watatu. Nahodha hakuwahi kuwa nahodha hata siku moja. Alikuwa mpishi wa meli. Redio alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano, na tangu astaafu hajazimika. Wa tatu ni Ok Dongpil, baharia wa kawaida, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno la kutosha kumpatia jina. Wote wameizunguka dunia, na kila mmoja anaamini wenzake walikuwa wamelala njia nzima.

Ijumaa hiyo Ok alifika na tatizo.

— Anasema "na", alisema. Tangu atoke hospitali, maneno yote yamekwenda, limebaki hilo tu. Nikimpa uji, "na". Nikifungua dirisha, "na".

Wenzake wakatikisa vichwa. Mama Miran, mke wa Ok, alikuwa mmoja wa wanawake waliogonga meli kwa nyundo, na jioni alipomwita mumewe nyumbani, sauti yake ilizishinda nyundo zote. Kiharusi kilikuwa kimeichukua sauti ile na mkono wake wa kulia.

— Miran anakuja kesho saa nne na gari, Ok aliendelea. Amempatia mama yake nafasi kwenye nyumba ya wagonjwa, mji wa Daegu. Ameniambia, "Baba, kama hujui mama anataka nini, utamtunzaje?" Nimekuja kunywa kikombe kimoja tu. Mniambie, nirudi.

— Umefika penyewe, alisema Nahodha, akajisogeza apate nafasi ya kurusha mikono. Mbona jepesi! Kwetu "na" ni "mimi". Anasema yeye ndiye aangaliwe.

— Mimi nini? aliuliza Redio. Mimi nina njaa? Mimi nimekuchoka? Sentensi gani hiyo haina mkia? Hapana. Hicho si Kikorea. Wagonjwa wa kiharusi huamka na lugha za watu.

— Mke wangu hajawahi kutoka Busan.

— Yeye hajatoka, lakini meli ziliingia! Miaka thelathini anagonga chini, Warusi wanapiga kelele juu. Vumbi la kutu linaingia puani, na maneno yanaingia na vumbi. Sasa kichwa kimetikiswa, yanatoka. Mrusi akikupa kitu anakwambia "na", yaani shika. Mama Miran anataka kukupa kitu, kaka. Umetazama chini ya godoro?

— Kuna soksi zangu.

— Basi ni hizo!

Nahodha alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti.

— Warusi wanajua nini? Nendeni Ugiriki. Siku moja, sokoni Pireas, muuza samaki alininyooshea mkono usoni, vidole vyote vitano wazi, akasema "na!" Ndivyo wanavyotaja bei kule. Tano tu! Nilipotoa pesa, akanifukuza. Mtu mkarimu, hakutaka kabisa pesa yangu.

— Mzee, yule alikutukana.

— Mtu hutukana kwa ngumi. Kiganja kilikuwa wazi!

— Wagiriki ndivyo wanavyotukana. Nilikusikia ukisimulia hivyo hivyo mwaka juzi, nikanyamaza kwa heshima.

— Heshima ipi? Nimekuzidi miezi minne na hata kahawa hujawahi kuninunulia.

Redio akaenda kwenye mashine, akarudi na vikombe vitatu. Kwa Ok hicho kilikuwa kikombe cha pili, akakipokea. Redio aliendelea kusafiri: Bombay "na" ilikuwa hapana, maana yake Mama Miran anaukataa uji, na aliyewahi kuuonja uji wa Ok hawezi kumlaumu. Kwa mabaharia wa Manila ilikuwa kitu kimeshakuwa tayari.

— Tayari nini? aliuliza Ok.

— Hapo meli ilikuwa inang'oa nanga, sikuuliza.

Ok alizungusha kikombe chake. Kisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasema:

— Mombasa nililisikia. Mitambo iliharibika, tukakaa siku kumi na moja. Mama mmoja alituuzia chakula nje ya lango la bandari. Chai na chapati. Ugali na samaki. Siku moja nikaomba chai tu, akanitazama kama mtu aliyefiwa. Akaniletea chapati, akakataa kulipwa. Kule neno hilo linakaa katikati ya vitu viwili.



— Basi anaagiza chakula! Nahodha akapiga paja. Uji na kitu. Uji na nyama! Maskini, wiki tatu anaomba nyama!

Redio alichana boksi la sigara na kuandika orodha ya kumsomea Miran: mimi, shika, hapana, tayari, nyama. Nahodha alidai "tano" iongezwe, ikaongezwa. Wakapiga kura. Kila mmoja alilipigia jibu lake mwenyewe, hakuna lililoshinda. Walipokwenda kutafuta kahawa ya kuwapa nguvu ya kupiga kura tena, mashine iliguna, ikamwangushia Ok kikombe kitupu, na taa nyekundu ikawaka.

Bi Sim, anayejaza mashine za mtaa mzima, alifika na pikipiki yake. Akafungua mlango wa mashine kwa ufunguo, akamwaga unga wa kahawa huku wakimsimulia, wote watatu kwa pamoja.

— Anaposema hivyo, aliuliza bila kugeuka, macho yake yanakuwa wapi?

Nahodha akamtazama Redio. Redio akamtazama Ok.

— Mimi nakuwa jikoni, alisema Ok. Namsikia kutoka jikoni.

— Na sasa hivi yuko na nani?

Nyuma ya ukuta nyundo zilinyamaza. Mafundi walikuwa wamekwenda kupumzika. Ok alikuwa ameshika vikombe vitatu vitupu, kimoja ndani ya kingine. Akaviweka kwenye benchi, akaondoka.

— Kaka, orodha yako! Redio alipiga kelele, ingawa hakukuwa tena na kelele ya kushindana nayo.

— Mwache, alisema Nahodha. Atakumbuka tano.

Ok alipanda ngazi za mtaa wao bila kupumzika katikati. Kabla hajafungua mlango alimsikia.

— Na.

Safari hii hakupita kwenda jikoni. Alivua viatu, akaketi sakafuni mbele ya kitanda, uso wake karibu na uso wa mkewe, akatazama macho yake yanakwenda wapi. Miran angefika kesho saa nne. Muda wa kutazama ulikuwepo.