Mkunga wa Kuanzisha Uchungu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliotoka kazini bado mmevaa sare, mimi ni mdogo wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili kati yetu wanne, akiwa amepitiliza siku zake tumboni, na mama alipenda kumtania kwamba alikataa kutoka mpaka abembelezwe. Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, akajiunga na chuo cha ukunga, akahitimu mwaka 1981 na kuajiriwa katika wodi ya wazazi, ambako alikaa hadi kustaafu mwaka 2013. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwaanzishia uchungu wajawazito waliopitiliza, akiongeza na kupunguza matone ya dripu, kiganja kikiwa juu ya tumbo, na waliomtukana wakiwa kitandani walirudi kumsalimia wakiwa na mtoto mgongoni, naye akicheka, akisema matusi ya leba hayana kesi.

Aliolewa tarehe 2 Juni 1984. Mwaka uliofuata, mimba ikiwa ya miezi minane, mtoto aliacha kucheza, na wakunga wenzake wakamwanzishia uchungu katika wodi ileile, amtoe mtoto ambaye alishajua hatalia, huku nyuma ya pazia watoto wa wengine wakilia. Mumewe alisubiri nje, kisha akaomba uhamisho wa kazi, na hakurudi. Tangu hapo dada aliishi peke yake, redio ikiwa imewashwa kutwa, akidai ni ya kuwatishia wezi. Alikuwa mpweke, tusifichane.

Tulipomzika mama, historia yake iliyosomwa msibani iliwataja wajukuu wote, na kuhusu dada ikasema hakujaliwa mtoto, naye akanyanyuka taratibu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Alianza kuugua figo mwaka jana, hali ikazidi, akafariki alfajiri ya tarehe 14 mwezi huu. Akiwa bado na nguvu ya kusema, alinishika mkono akaniambia, "Mdogo wangu, ukisimama pale usije ukasema sikujaliwa. Mimi nilizaa."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokuwa wakimgongea mlango kila asubuhi, na wakunga wenzake waliomuuguza kwa zamu.

Marehemu alijaliwa mtoto mmoja, wa kike, naye alimtangulia.

Pumzika salama, dada. Nimesema.