Mjomba Akiniulizia

Sogeeni wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, benki haitafungwa kwa sababu umemsikiliza mama yako. Pumzi yenyewe ni ya kuungaunga, ila leo nimeamka na moyo mweupe, na nataka mjue sababu.

Mjomba wenu, mdogo wangu, mnamjua alivyo: alianguka kutoka juu ya paa akipiga bati, mifupa ikaunga, lakini tangu siku ile jambo jipya halikai kichwani mwake hata kwa muda wa chai kupoa. Mama yetu alifariki baada ya ajali hiyo. Kila alipomuulizia aliambiwa amefariki, naye alilia upya, kilio cha mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nasomea famasia. Nikaiacha nikaenda kusomea ubongo, watu wakasema nimepotea.

Nimefundisha chuo kikuu mpaka nywele zikaisha rangi, nimewapima walioumia vichwa kwa picha na vibao vya rangi, nimeandika makala mpaka mkaniita Mama Karatasi. Nilionyesha kwamba hata aliyesahau bado hujifunza: mjomba wenu hakumbuki kufundishwa kitasa kipya cha geti, lakini mkono wake unakifungua bila kusita. Wenzangu walibisha weee, mwisho wakanyamaza wenyewe. Ila swali moja lilinishinda: nikifa, akiniulizia, mtamjibu nini? Kumdanganya sitaki, na kumuumiza kila asubuhi sitaki. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si huu ugonjwa.

Jana mlango haukufungwa vizuri, nikamsikia mjomba wenu akimuulizia marehemu mama yetu kwa huyu kitindamimba wangu, mbishi anayebishana hata na redio: "Eti, mama yuko wapi?" Nikajikaza kitandani. Naye akamwambia, "Mjomba, angekuwepo hapa sasa hivi angekuambia nini?" Mzee akacheka. "Angesema ninawe mikono, halafu angeniuliza kama nimekula." Wakaenda kunawa. Wanangu, nilishusha pumzi, nikalia kwa raha. Maisha yangu yote nimelitafuta jibu hilo vitabuni.

Basi sikilizeni. Nyumba hii ni yenu wote wawili, lakini isiuzwe mjomba akiwa hai. Mkubwa, najua una mnunuzi, mwambie asubiri. Mbishi akae naye, nawe umsaidie bila kununa. Viti visihamishwe, birika libaki pale pale, kitasa kisibadilishwe, maana mikono yake imeshavizoea. Vitabu wapeni wanafunzi wangu. Vile vibao, wajukuu wavichezee tu.

Siku ya mazishi mwambieni ukweli, mara moja tu, mkiwa mmemshika mkono, alie na wenzake. Baada ya hapo, akisema dada yuko wapi, muulizeni dada angesema nini. Atawasimulia. Ananijua nilivyokuwa msichana, nikimfukuza na ndala uani kwa kunilia mkate wangu, na ninyi hamjawahi kunijua hivyo.

Ninyi wawili msigombane. Mungu awape subira... awape na kicheko, kwa sababu mtakihitaji. Niinulieni mto. Hapo, hapo hapo.

Nasikia geti... amelifungua mwenyewe. Mwacheni aingie. Mwambieni... anawe mikono kwanza.