Gari ya Kufika kwa Déo

Déo: Alo? Alo, nani anaongea?

Elly: Nani tena? Elly! Umefuta jina yangu kwa simu?

Déo: Aa, afande! Pole. Simu ilikuwa ku moto, inachajiwa ku duka ya mama Mukarukundo. Njo ninaitoa saa hii, haijajaa ata nusu. Jambo sana!

Elly: Jambo, jambo. Agandi? Mama watoto?

Déo: Divine iko muzuri. Batoto bazima. Na weye, kule Mbarara?

Elly: Mimi niko tu. Mwanajeshi amestaafu, anafanya nini? Anafagia nyumba anakaa peke yake. Sema, mvua inanyesha huko?

Déo: Tangu asubui. Kambi yote ya Base Camp ni matope. Batu banatembea na viatu mu mikono.

Elly: Basi vizuri.

Déo: Muzuri gani?

Elly: Nasema vizuri kwa sababu hiyo ndiyo nataka kuuliza. Niko kwa yadi ya magari, Déo. Leo nanunua.

Déo: Leo leo?

Elly: Leo leo. Nimesimama katikati ya mbili. Ya kwanza Subaru, bluu, turbo, ina ile pua kubwa kwa boneti. Fowili. Miguu yote inavuta. Ya pili Altezza, nyeupe, fupi, imelala chini kama paka anawinda. Hiyo nguvu yote inakwenda kwa miguu ya nyuma. Nimekaa ndani yake, nimeshika usukani, maawe, mama yangu! Nikajisikia kijana.

Déo: Kijana wa miaka makumi tano na mbili!

Elly: Cheka. Wewe cheka tu. Ngoja nikuwekee simu kwa injini, usikie— [mlio wa gari] Umesikia?

Déo: Ninasikia. Inalia muzuri.

Elly: Hiyo ni Subaru. Sasa sikiliza, nina neno nataka kusema, na sitarudia. Umekaa?

Déo: Nimesimama ku mulango wa duka. Batu ni mingi hapa.

Elly: Basi simama vizuri. Déo, umeshinda.

Déo: Nimeshinda nini?

Elly: Ile kesi yetu! Tangu siku nilikubeba kwa lori ya jeshi kutoka mpakani, ikazama kwa tope, na wewe mkimbizi umekaa nyuma na magodoro unanipigia kelele, "Afande, funga miguu yote! Afande, unamwaga nguvu nyuma!" Kutoka siku hiyo tunagombana. Mimi nasema gari tamu ni ile inasukuma nyuma, mkia unacheza kwa kona, dereva anajua anaendesha. Wewe unasema fowili, fowili, fowili. Sasa nimekubali. Nachukua Subaru. Haloo? Network imekatika?

Déo: Niko.

Elly: Mbona hupigi kelele? Nilidhani utacheza ngoma hapo kwa duka.

Déo: Afande... chukua ile ya nyuma.

Elly: Nini?

Déo: Ile nyeupe. Chukua ile.

Elly: Wewe ni mgonjwa?

Déo: Siko mugonjwa.

Elly: Si ni wewe uliniambia habari ya patroni, bosi wako wa Bukavu? Ati alikuwa na gari ya nyuma, mvua ikanyesha, akakanyaga mafuta kwa kona, mkia ukapita mbele, akajikuta anaangalia alikotoka?

Déo: Ni miye.

Elly: Na ulikuwa unacheka mpaka bugali inakutoka kwa mdomo!

Déo: Nilicheka, ndiyo. Lakini patroni yeye pia alicheka, unasikia? Alitoka mu gari anacheka. Batu ba fowili habachekake. Bo banafika tu. Weye unapenda ile nyeupe. Ninasikia ku sauti. Tena hainywake mafuta mingi, tena ni nyepesi mbele, inageuka vile unataka. Ya kutembea ku lami, iko bora.

Elly: Ya lami. Na kwako kuna lami? Déo, mimi sinunui gari ya kuzunguka Mbarara. Mbarara namjua nani? Wale tulikuwa nao kwa barakisi ya jeshi wamekwenda kwa mashamba yao. Kellen, mke wangu, alikwenda na mwanamume mwingine nikiwa vitani Mogadishu. Wewe ndiyo mtu natembelea. Mwezi wa nne, mvua ile, sikufika kwako mwezi wote. Unajua nilifanya nini Jumapili? Naamka, nanyoa ndevu, navaa shati, halafu nakumbuka njia ni mbaya. Nakaa kwa kitanda na shati yangu. Mpaka giza.

Déo: Hukuniambiaka hii.

Elly: Ningekuambia nini? Ni aibu. Boda ilinimwaga huko Rugaaga, ukumbuke, nikarudi kwa mguu na nyama yenu kwa mfuko. Basi nimesema, hapana. Nanunua gari ya kufika kwa Déo. Inyeshe, isinyeshe, saa sita niko kwa meza ya Divine. Hiyo ni kazi ya fowili. Ya nyuma itazama kabla ya kilima ya kwanza, na wewe unajua—

Déo: Ninajua.

Elly: —unajua kuliko mimi! Sasa kwa nini unanipeleka kwa nyeupe?

Déo: Afande, ngoja kidogo. Ngoja. [sauti za watu] Ndiyo, mama Mukarukundo, ninarudisha waya yako ya chaji saa hii. Hapana, iko rafiki yangu wa Mbarara. Tunaongea juu ya gari. Ndiyo, gari! Ngoja, Elly, usikate. Ninapita nyuma ya duka.

Elly: Mimi nangoja. Lakini mwenye gari ameanza kuangalia saa. Kuna daktari amepiga simu, anataka moja ya hizi. Haloo? [mvua juu ya mabati] Haloo, Déo, nini inapiga hivyo?

Déo: Mvua. Niko chini ya mabati, hakuna mutu hapa. Elly.

Elly: Leo huniiti afande?

Déo: Elly, kesho asubui basi inatubeba.

Elly: Inawabeba kwenda wapi?

Déo: Kampala. Kisha ndege.

Elly: Ndege.

Déo: Kanada imetupokea, siye bote. Miye, Divine, na batoto. Elly? Uko?

Elly: Kesho hii inakuja?

Déo: Kesho.

Elly: Na umejua lini?

Déo: Siku mingi kidogo.

Elly: Siku mingi! Jumapili nilikuwa kwako! Nimekula kwako sombe, ile mboga ya Divine, nimemnyoa mtoto wako nywele, umenisindikiza mpaka kwa boda, umeniambia "tutaonana"!

Déo: Nilisema, ndiyo.

Elly: Na ulijua?

Déo: Nilijua.

Elly: Banange... Déo. Mimi nilikukosea nini?

Déo: Hapana! Weye hukukosa kitu. Sikia. Hapa kwetu safari haisemwake. Mutu akipata ndege, anafunga mudomo. Anauzisha vyombo kidogo kidogo, usiku anafunga mizigo, asubui jirani anaamka, mulango iko wazi. Njo vile bote banafanya. Unakumbuka Nehemiya?

Elly: Yule anashona viatu?

Déo: Yeye. Alisema. Alifurahi, akaita batu, akanunua pombe, akaimbiwa. Kesho yake mutu akaenda kusema ku bakubwa ba ofisi ya bakimbizi ati bale batoto habako bake. Bakamushusha mu basi na bibi yake na mizigo. Mupaka leo iko hapa anashona viatu, anangoja. Divine aliniapisha. Alisema, "Usiambie mutu." Nikamuuliza, "Na Elly?" Akasema, "Mutu ni mutu."

Elly: Mimi ni mkimbizi? Mimi nitakuonea wivu ya ndege? Nitakimbia kwa ofisi kusema watoto wa Déo si wa Déo? Nimewabeba wakiwa na kamasi!

Déo: Ninajua—

Elly: Hujui! Ungekwenda hivyo tu. Ningekuja Jumapili na gari yangu mpya, nikapiga honi kwa nyumba ya mtu mwingine!

Déo: Ningekupigia nikifika Kampala.

Elly: Kampala! Asante sana.

Déo: Nilikosea, Elly. Nilikuogopa pamoja na bale bengine, na weye hauko kama bo. Miye sina mutu mwengine wa kumwambia, na njo weye nilikuficha. Jumapili ulipopanda boda nilibaki mu njia, mupaka Divine akatuma mutoto aniite. Nilikuwa nataka kukimbia nyuma yako.

Elly: [anapumua] Ungekimbia.

Déo: Ndiyo.

Elly: Ile boda ilikuwa mbovu. Ungeifikia.

Déo: [anacheka, anakohoa] Ningeifikia.

Elly: Sikiliza. Nachukua hii Subaru sasa hivi. Nalipa, nawasha, nakuja. Kabla ya giza niko hapo.

Déo: Hapana.

Elly: Kwa nini hapana? Tope si kitu! Si ndiyo kazi yake?

Déo: Tope si kitu, lakini batu. Gari ya bluu inanguruma, inasimama ku mulango yangu siku moja kabla ya basi? Settlement yote itauliza. Mama Mukarukundo peke yake atakuwa ameeneza kabla hujazima injini. Elly, ninakuomba. Batoto babili habajui bado, tutabaamusha tu na kubavalisha.

Elly: Basi nikuone wapi?

Déo: Basi haisimamake. Ile ikitoka hapa ni mupaka Kampala.

Elly: Lakini inapita Mbarara.

Déo: Inapita.

Elly: Lazima inapita hapa, inashika barabara ya Kampala. Lami tupu. Si ndiyo?

Déo: Ndiyo.

Elly: Basi mimi nasimama hapo inapoingilia barabara kubwa. Ikipita nafuata nyuma. Nitawafuata mpaka Lyantonde. Mpaka Masaka, kama polisi hawanisumbui.

Déo: Dereva wa basi anakimbia sana, afande.

Elly: Na mimi nitakuwa na nini, punda? Hiyo bluu ilikuwa ya njia yako. Njia yako imekwisha. Ssebo! Wewe, mwenye gari! Ndiyo, wewe! Mwambie daktari achukue bluu. Mimi nachukua nyeupe. Nyeupe, ndiyo! Nimeamua. Déo?

Déo: Ninasikia.

Elly: Sasa umefurahi? Nachukua ile unasema.

Déo: Sikufurahi.

Elly: Na mimi sikufurahi. Gari tamu hivi. Utakaa upande gani? Kwa basi, kaa dirisha ya kulia, ile inaangalia katikati ya barabara. Nikija kupita nitapitia huko.

Déo: Nitakaa kuume. Nitapakata mutoto mudogo. Lakini usiniite jina, Elly, batu ba hapa batakuwa ndani. Piga tu honi.

Elly: Honi moja?

Déo: Piga vile unataka. Mu barabara kila mutu anapiga honi.

Elly: Na huko Kanada, wewe sikiliza. Huko ni barafu. Usije ukadanganywa na mtu akuuzie ya nyuma. Kwa barafu, fowili. Umesikia?

Déo: Njo miye nilikufundishaka hiyo!

Elly: Ndiyo, na mimi nakurudishia. Na matairi ya barafu, sijui wanayaita nini, uliza. Usiendeshe kama patroni wako. Una watoto— [mlio] Aa! Hii simu imeanza kulia. Airtime inakwisha.

Déo: Elly, Divine anakusalimia. Hajui kama ninaongea na weye, lakini anakusalimia.

Elly: Mwambie sombe yake— hapana, usimwambie. Mwambie kesho, kwa basi. Déo, Jumapili mimi nitakwenda wapi?

Déo: Endesha, afande. Endesha tu ile nyeupe ku lami.

Elly: Kwenda kwa nani?

Déo: Sijue. Sijue, kaka. Nitakupigia kila—

Elly: Dirisha ya kulia!

Déo: Ya kuume, ndiyo! Na vaa mukanda, usilie mu gari ukaanguka—

Elly: Nani analia? Mimi si—

Déo: Alo? Elly? Alo?

Déo: Alo?

Déo: Aa, mama Mukarukundo. Nilikuwa ninarudi. Waya yako iyi hapa. Hapana, ni mvua tu imeniingia mu macho. Tulikuwa tunaongea juu ya gari.