Mlango wa Kushoto wa Gari la Bwana Khalaf

Assalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Karibuni tukae. Leo tunamkumbuka mtu ambaye kukaa kwenyewe kulikuwa kunamshinda.

Khalaf bin Hazim, wa Ibra. Amefariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sabini na moja. Ameacha mke, Bi Mabruka. Ameacha mtoto mmoja, Muatasim. Na ameacha dada yake mkubwa, Bi Ghaliya, anayekaa Nizwa. Hilo jina la mwisho nakuombeni mlishike. Bi Ghaliya, dada yake. Habari yote ya leo inakwenda kwake.

Nilifika Ibra msiba ulipokwisha. Bi Mabruka alinimiminia kahawa, akaniambia, "Mwanangu, nimeishi na yule bwana miaka arubaini na nne. Sijapata kumwona akimaliza finjani ya kahawa amekaa. Anakunywa nusu, anainuka. Ukimwita kula anajibu, 'Nakuja.' Nami nikisikia 'nakuja,' nafunika sahani."

Akacheka. Kisha akatazama uani. Huko uani kuna gari, wasikilizaji wapendwa. Ndilo gari lenyewe. Mbele ni lori la Kimarekani, Shevrole la mwaka 1957, boneti limevimba kama shavu la mtu anayepuliza moto. Nyuma ni bodi la mbao, la kubeba abiria, lina viti virefu na madirisha yasiyo na vioo. Limepakwa rangi ya kijani. Gurudumu moja la mbele halipo. Aliling'oa mwenyewe siku mbili kabla ya kufa, ati amesikia kitu.

Wengi wenu mliozaliwa Unguja mmeshalijua gari la namna hiyo bila mimi kueleza zaidi. Mzee Hazim, baba yao, alikuwa nalo moja huko Unguja. Likitoka Mkokotoni asubuhi, likiingia mjini watu wameshachafuka vumbi. Khalaf alikuwa mdogo, Ghaliya kamzidi miaka minane. Kazi ya Ghaliya ilikuwa kumshika Khalaf ukosi wa shati asianguke mlangoni. Maana Khalaf hakubali kukaa kitini, anataka asimame mlangoni kama utingo.

Baadaye wakaja Oman. Gari la baba likabaki huko na halikujulikana lilipoishia. Khalaf akafanya kazi ya umeme mpaka akastaafu. Ghaliya akaolewa Nizwa.

Sasa tusogee karibu. Miaka sita iliyopita macho ya Bi Ghaliya yaliingia ukungu. Akaalikwa harusi, akakosea ngazi, akaanguka mbele ya kadamnasi. Hakuvunjika kitu. Lakini nyuma yake kuna mtu alicheka. Toka siku ile Bi Ghaliya hakuvuka geti la nyumba yake. Miaka sita. Harusi hendi, msiba hendi, na daktari aje mwenyewe akitaka.

Bwana Khalaf alikwenda kumbembeleza. Maneno yao aliyasikia Tahani, binti yake Bi Ghaliya, alikuwa jikoni.

"Dada, twende Ibra japo siku mbili, ubadilishe hewa."

"Sitoki."

"Nitakuletea gari ya chini chini, usipate tabu ya kupanda."

"Khalaf, niache nipumzike. Siku utakayokuja na gari la baba hapo nje, nitatoka."

Tahani anasema mama yake alitaka kumfunga mdomo tu. Ni sawa na kumwambia mtu, nitakuja samaki wakiota mbawa. Lakini Bwana Khalaf aliinuka pale pale. Tahani akamwita mjomba wake, "Khalu, kahawa yako!" Ameshafika getini.

Mwezi haukwisha, akalipata lile lori katika shamba la mitende huko Fanja. Mbuzi walikuwa wakilala ndani. Lilipoletwa Ibra juu ya gari jingine, Bi Mabruka alitoka kutazama.

"Nikamuuliza, 'Hili gari au banda la mbuzi?' Akaniambia, 'Kwa sasa, yote mawili.'"

Hapo ikaanza miaka sita. Naisema tena, miaka sita, hapo hapo uani. Alikata chuma kilicholiwa na kutu, akachomelea kipya. Vipuri vingine alivifuata Sharjah, vingine alivichonga mwenyewe. Breki za mbele alitoa za zamani akatia za diski, kwa sababu alijua bodi la mbao litakuwa zito na njia zetu zina miteremko. Injini aliiacha ile ile ya silinda sita. Gia ni ile ile ya kwenye usukani.

Muatasim, mwanawe, alinieleza hivi: "Baba anafunga injini, inawaka, sote tunapiga makofi. Kesho narudi kazini, naikuta ipo chini, vipande vipande. Namwambia, 'Yuba, gari si ilikuwa inawaka?' Ananambia, 'Inawaka, lakini nimesikia kitu.' Wallahi hakuna mwingine aliyesikia kitu. Mara nne kaifunga, mara nne kaifungua."

Mimi nikauliza swali moja. Nikauliza, katika miaka hiyo sita, Bwana Khalaf alikwenda Nizwa mara ngapi kumtazama dada yake?

Muatasim akamtazama mama yake. Bi Mabruka akapanga mafinjani.

"Idi," akasema. "Na si kila Idi. Kila nikimwambia, 'Nenda kamwone Ghaliya,' ananijibu, 'Nitakwenda na gari.'"

Nilikaa na jibu hilo, wasikilizaji. Hata sasa halijanitoka.

Injini ilipokubalika, zamu ikawa ya bodi. Alimleta seremala kutoka Sur, mtu mwenye mkono mzuri. Mchoro hapana. Bwana Khalaf alikuwa akisimama nyuma ya lori, anafumba macho, anapima kwa mikono: dirisha hapa, kiti hapa, mlango hapa. Mlango akauweka ubavuni, mkono wa kushoto.

Seremala akauliza, "Ami Khalaf, una hakika mlango ni upande huu?"

"Wewe kijana wewe! Mimi nimeshuka kwenye mlango huu kabla baba yako hajazaliwa."

Seremala akapiga misumari. Ya nini kubishana na mtu mzima?

Gari likaisha. Wakalipeleka ukaguzi. Ofisa akalizunguka mara moja, akalizunguka mara ya pili, akawa anatabasamu. Akasema kwa Kiarabu, na kwa adabu, "Haji, mashallah, kazi nzuri. Lakini abiria wako watashukia wapi? Katikati ya barabara?"

Mmeshaona, wasikilizaji wapendwa. Unguja gari hupita kushoto, na abiria hushukia kushoto, penye majani. Oman tunapita kulia. Mwenyewe ameendesha gari Oman zaidi ya miaka hamsini, kulia siku zote. Lakini gari hili hakulijenga kwa akili ya Oman. Alilijenga kwa mwili wa mtoto wa miaka mitano. Na kwa mtoto yule mlango uko kushoto.

Walirudi nyumbani. Bi Mabruka anasema usiku ule ndipo kwa mara ya kwanza alimwona mumewe amekaa, na kukaa kwake kulimtisha.

Hofu ya Bwana Khalaf haikuwa kazi. Kazi aliizoea. Hofu yake ilikuwa Ghaliya. Ghaliya sasa anaona kwa vidole. Atapapasa ubavu wa kushoto, hatakuta mlango, atasema hili si gari la baba. Atarudi ndani, na geti litafungwa mpaka mwisho wa umri. Na mlango ukibaki kushoto, gari halitoki Ibra kwa sheria. Na hata likitoka, atamshusha dada yake, kipofu, mbele ya magari.

"Nitamwambia baba alikuwa na magari mawili," akasema.

Bi Mabruka akamjibu, "Mdanganye mwingine. Yule amekufundisha kutembea."

Akauhamisha mlango. Wiki tatu. Akaziba kushoto kwa mbao mpya, akakata kulia. Ukaguzi ukapita. Asubuhi ya Ijumaa, yeye na Muatasim wakatoka Ibra, wakapita Sinaw, taratibu, magari yote yanawapita na kuwapigia honi. Bwana Khalaf anapigapiga usukani kwa kidole njia nzima.

Sasa, mtaa wa Bi Ghaliya pale Nizwa una njia nyembamba, ya kuingilia upande mmoja tu. Ukiingia, geti lake liko kushoto kwako. Kwa hiyo gari liliposimama, ubavu ulioelekea geti ni ule ule wa kushoto. Usio na mlango.

Tahani alimwongoza mama yake mpaka getini. Bi Ghaliya akasimama kwa ndani. Akanyoosha mkono, akagusa mbao. Akapapasa. Akapata dirisha, akatabasamu. Mkono ukateremka kwenda pale unapostahili kuwa mlango. Ukakuta ukuta. Ukarudi. Ukatafuta tena.

"Khalaf."

"Labeka, dada."

"Mlango uko wapi?"

Muatasim anasema baba yake alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema kweli.

"Nimeuhamisha, dada. Uko upande wa pili. Nilisahau kama huku watu wanashukia kulia."

Tahani alikwisha kumshika mama yake bega amrudishe ndani.

Bi Ghaliya akasema, "Baba angekuchapa."

Halafu akasema, "Upande wa pili ndio wapi? Nipeleke."

Akavuka kizingiti. Hakutoa mkono kwenye gari. Alikwenda nalo, kiganja juu ya mbao, kisha juu ya chuma, akapita taa ya mbele, akagusa boneti akauvuta mkono: "Lina moto! Umemkimbiza punda wa watu." Akalizunguka lote kwa mbele. Majirani wametoka, watoto wametoka. Ameshafika katikati ya njia, jua limempiga usoni, ndipo Tahani akaanza kulia. Bi Ghaliya akamwuliza, "Unalia nini? Njoo unisaidie ngazi."

Akapanda. Walikwenda mpaka Al Hamra, chini ya mlima, wakarudi. Njia nzima Bi Ghaliya alikuwa akimgombeza dereva: "Baba alikuwa haingizi gia kwa makelele hivyo. Unasaga kahawa?" Na Bwana Khalaf anacheka mpaka anakohoa.

Kesho yake, nyumbani Ibra, aliifungua injini tena. Wiki saba baadaye, baada ya sala ya adhuhuri, moyo ukasimama.

Bi Ghaliya alikuja msibani. Alikuja na gari ndogo ya Tahani, ya kawaida tu. Hakuna aliyembembeleza. Akakaa na wanawake siku zote tatu, na mimi nilimkuta bado yupo. Nikampa mkono wa pole, nikamwambia, bibi, mdogo wako alikupenda, amekutengenezea gari miaka sita. Aliushika mkono wangu, hakuuachia upesi.

"Kweli, mwanangu," akaniambia. "Miaka sita alikuwa akinitengenezea gari. Na mimi miaka sita nilikuwa nikimngoja yeye. Lile neno la gari la baba nilisema kwa hasira. Angalirudi wiki ya pili na punda, ningalitoka."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa mkono wa pole kwa Bi Mabruka, kwa Muatasim, kwa Tahani, na kwa Bi Ghaliya. Tumwombee Khalaf bin Hazim wa Ibra rehema na pepo. Alifanya kazi kubwa, na aliifanya kwa mapenzi. Hilo tusimnyang'anye.

Lakini tulifikirie na lile neno la dada yake. Huenda hata sasa yupo mtu nyuma ya geti fulani, Ibra, Sur, Nizwa, au huko uliko wewe. Na wewe unasema nitakwenda nikimaliza nyumba, nikipata likizo, nikipata kitu kizuri cha kumpelekea. Kizime hicho chombo unachonisikilizia. Nenda mikono mitupu.