Mama Ndoo, Fundi wa Kola na Mlinzi wa Mtaro

Wazee wetu, majirani, wenzetu wa kituo cha taka na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni mtoto wa tatu wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu nina sauti kubwa, si kwa sababu nina akili, maana suala la akili marehemu mwenyewe alilitolea uamuzi mapema.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ndoo hadi mkasahau kwamba ana jina jingine, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1953, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa baba mfyatua matofali na mama mkunga. Alianza darasa la kwanza Januari 1961, akamaliza la saba Novemba 1967, akiwa hodari wa hesabu na balaa kwenye kwaya, kisha akajifunza ushonaji na kupata cheti Desemba 1970. Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, kitengo cha kola, akashona kola na kola tu kwa miaka kumi na mitatu, hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Juni 1984, ndipo akaweka cherehani yake kwenye kibaraza cha nyumba yetu, na tangu hapo hakuna aliyepita na kola iliyopinda bila kuitwa arekebishwe.

Alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, Jumamosi ya tarehe 22 Juni 1974, wakajaliwa watoto wanne, ambao sote tuko hapa, na wajukuu tisa. Baba alitutangulia tarehe 11 Oktoba 1999.

Sasa nafika mahali ambapo ndugu zangu walitaka niruke, na mimi mwenyewe nilitaka, lakini marehemu aliagiza pasirukwe.

Jumatatu ya tarehe 17 Aprili 1989 mvua ilinyesha kutwa nzima, mtaro wa nyuma ya nyumba ukaziba, maji yakaingia majumbani, na ukuta wa jirani yetu fundi viatu ukamwangukia mguu wa kulia, yeye ambaye harusi za mtaa huu zilikuwa hazichangamki mpaka aingie ukumbini kucheza, na tangu siku hiyo anatembea kwa mkongojo. Kesho yake wanaume walipouzibua mtaro walitoa bonge la taka kubwa kama godoro, na mama, aliyekuwa amesimama pale na birika la chai ya wazibuaji, aliviona ndani yake vitambaa vyake, mabaki ya cherehani ambayo kwa miaka mitano alikuwa akiyamwaga mtaroni kila jioni, akamimina chai, na hakumwambia mtu, hata baba.

Sisi tulichoona ni mama aliyeanza kuhangaika. Mwezi uliofuata alipita nyumba kwa nyumba akiomba kila familia iweke ndoo tatu, ya mabaki ya jikoni, ya vitu vinavyotumika tena, na ya vile visivyofaa kabisa, wengine wakamuuliza ametumwa na nani, wengine wakadhani anagombea uongozi, na mkutano wa kwanza, Jumapili ya tarehe 3 Septemba 1989, ulihudhuriwa na watu kumi na tisa, wanne kati yao wakiwa wamekosea mlango. Hata hivyo ndipo ilipoundwa kamati, ikapangwa zamu ya mtaro, kila nyumba wiki moja, tajiri na mpangaji sawa, na zamu hiyo haijakatika hadi leo.

Wenye umri wangu mnakumbuka mboji ya kwanza. Mlirundika mabaki ya jikoni miezi minne yakakataa kuoza, yakabaki vilevile kama yametoka sokoni, na bwana kilimo aliyeitwa kuangalia akakuna kichwa, hadi ilipogundulika kwamba kina mama, kwa kuona haya jirani asije akaona uchafu wao, walikuwa wakiosha maganda kwa sabuni na dawa ya choo kabla ya kuyaleta. Mama hakumgombeza mtu, alichofanya ni kubeba ndoo yake wazi, bila mfuniko, katikati ya barabara kila asubuhi, akisalimia kila mlango, kwa hiyo mtaa mzima ulijua kwamba kwetu tumekula kabichi tena, na sisi watoto tulitamani ardhi ipasuke. Haya ikawaisha watu, mboji ikaoza vizuri, na jina la Mama Ndoo likazaliwa.

Tarehe 14 Mei 2003 halmashauri ilitupatia kiwanja cha mwisho wa mtaa kuwa kituo cha kutenganisha taka, ambako leo wenzetu kumi na wawili wana ajira, na nyumba mia mbili na zaidi hupeleka ndoo zao bila kusukumwa.

Mama alianza kuvimba miguu Januari 2022, ikabainika ni moyo, na tarehe 2 Februari mwaka huu wa 2024 akalazwa. Tarehe 5 Machi aliniita, akaniambia nifunge mlango, akanieleza habari ya vitambaa, kisha akaniagiza niisome siku ya kumzika, nikamwomba tuiache ilale, akanijibu kwamba kama naogopa nimpe karatasi dada yangu, mwenye sauti nyembamba lakini si mwoga. Sikuona haki fundi aisikie kwanza mbele ya umati, kwa hiyo nilimfuata nyumbani kwake, nikamweleza, akaendelea kushona soli bila kuniangalia, na nikaondoka nikijua nimevunja ujirani wa miaka arobaini.

Ijumaa ya tarehe 8 Machi alikuja wodini na mkongojo wake, akavuta kiti, akamwambia mama kwamba kwenye bonge lile yeye aliona soli zake na mabaki ya ngozi, ndoo nzima, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akipeleka taka zake kituoni mapema kuliko watu wote kwa kuhofia kwamba Mama Ndoo anajua na anamstahi tu. Walitazamana, wakaanza kucheka, wakacheka hadi muuguzi akaja kuwaonya, kisha wakalia, na mama alilala mchana ule usingizi ambao hatukuwa tumeuona kwake. Alifariki Jumanne ya tarehe 19 Machi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule muuguzi aliyeonya kisha akageuka kucheka naye, tunawashukuru majirani mliotupikia na kuosha vyombo, na wenzake wa kituo mliotenganisha hata taka za msiba huu bila kuambiwa. Fundi, zamu ya mtaro wiki hii ilikuwa ya nyumba yetu, tukasahau, na asubuhi tumekuta umeshausafisha kwa mguu huohuo, hatuna la kusema zaidi ya asante.

Mama, pumzika katika amani uliyoisubiri miaka thelathini na mitano, ukaipata siku kumi na moja tu.