Sharti la Kutogeuka

Kwenye basi, mbele yangu, fundi cherehani alikuwa akimsimulia mzee aliyeketi naye opera anayoishonea mavazi. Ni hadithi ya kale ya Wagiriki iliyotiwa usasa, yaani kuzimu sasa ni ofisi yenye foleni. Mwimbaji anamfuata huko marehemu mkewe. Anaruhusiwa kumrudisha, mradi asigeuke kumtazama njiani. Anageuka, na mke anapotea.

“Mume gani huyo?” mzee akasema. “Mke wangu ni yule wa kilemba cha kijani, kiti cha nyuma kabisa. Tangu tupande sijageuka. Namwamini.”

“Lakini mzee wangu, mwenye kupenda si atataka kujua kama yupo? Halafu asipogeuka, gauni la huyo mke nililolitia shanga wiki tatu nani ataliona?”

Mimi niliona hoja ya gauni ndiyo nzito.

“Kupenda si kuchunguzana, binti yangu,” mzee akajibu. Basi liliposimama, akachukua mwavuli wake, akashuka, akaenda zake shingo wima.

Mlango ukafungwa. Fundi ndiye aliyegeuka. Kilemba cha kijani kilikuwa kimeegemea dirisha, mwenyewe amelala fofofo.